Makasha Yaliyobaki Makambako

Enoki Mlowe alipotelewa na sauti mwaka ule mvua zilipokataa kukatika Kifanya. Ilianza kama kikohozi cha kawaida cha moshi na baridi, kikashuka kooni, kikakaa huko kama mgeni asiyejua kuaga, na siku kilipoondoka kiliondoka na sauti yake. Kilichobaki kilikuwa mnong'ono mkavu, mfano wa mtu anayepekua mabua. Kwa mkulima lingekuwa jambo la kuvumilika, kwa kuwa viazi havingoji kuitwa. Lakini Enoki alikuwa mwalimu wa darasa la pili, na watoto wa darasa la pili hawaendeshwi kwa mnong'ono.

Kwa muda mkewe, Ema, alimsaidia. Ema alikuwa na sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya bonde wakaja pamoja na wa jirani. Alisimama nje ya dirisha la darasa, mtoto mgongoni, na kila alichonong'ona Enoki yeye alikirudia kwa nguvu, hata Kifanya nzima, wanafunzi na wasio wanafunzi, wakawa wanajua hesabu ya mara tatu mpaka mwisho wake. Msimamizi wa shule alipopita na kuyaona hayo alisema shule imeajiri mtu mmoja, haiwezi kufundishwa na wawili. Enoki akaachishwa.

Alirudi kwenye shamba lake la ngano, akawa anapita njiani bila kumtazama mtu usoni. Kilichomuuma zaidi ni namna watu walivyomwonea huruma kwa kupaza sauti wanapoongea naye, kana kwamba masikio nayo yamekwenda.

Ndipo Bwana Shauri, ofisa wa serikali wa Njombe, akamwita bomani. Serikali ilikuwa imejenga maktaba, nyumba ya matofali yenye paa la bati na madirisha mapana ya vioo, na ilihitaji mtu wa kuitunza. Bwana Shauri alikuwa Mwingereza mrefu aliyependa mambo yaishe kabla hayajaanza. Alikuwa amesikia habari za mwalimu asiye na sauti, akaona kazi ya kuchagua imeshafanywa na Mungu mwenyewe.

"Katika maktaba hairuhusiwi kupiga kelele," alimwambia. "Wewe huwezi kupiga kelele. Basi."

Enoki alipelekwa Iringa kwa majuma machache kujifunza kazi. Alifundishwa kupanga vitabu kwa herufi, kufuta vumbi bila kuvuruga mpango, na kupiga muhuri pasipo kuchafua ukurasa. Mwalimu wake, Mzungu mwembamba aliyekuwa akimenya machungwa darasani, aliwaambia wanafunzi wake jambo moja ambalo Enoki alilishika kuliko mengine yote: kwamba maktaba ya serikali ni ya watu wote, na mtumishi wake ahesabu siku imeharibika ikiwa mtu ameingia na shida akatoka mikono mitupu. Enoki alirudia maneno hayo njia nzima ya kurudi. Alijiona anapewa tena mahali pa kukaa duniani.

Alipofika Njombe alikuta lori la Kasimiri limeshafika. Kasimiri alikuwa dereva aliyepanda na kushuka kati ya Makambako na Njombe, askari wa zamani aliyepigana Burma, mtu wa maneno machache na kofia ya kijeshi isiyovuliwa. Alishusha rafu, meza, viti, ngazi, na kibao kikubwa cha mbao kilichoandikwa KIMYA kwa rangi nyeupe. Vitabu havikuwamo. Alieleza kwamba makasha yake yalikuwa mazito mno, lori likagoma kupanda mlima kwenye tope, ikabidi ayaache Makambako kwenye hoteli ya chai ya mama mmoja anayeitwa Kristina, pale njia panda. Angeyaleta safari ijayo.

Safari iliyofuata alileta misumari na chumvi. Ile ya baadaye akaleta mabati. Kila alipoulizwa habari za vitabu alitazama mawingu na kusema barabara bado.

Bwana Shauri alikuwa ameshawaambia wakubwa wake kwamba maktaba itafunguliwa Jumatatu, kwa hiyo Jumatatu ilifunguliwa. Watu walijaa uwanjani, wamejifunika mablanketi kwa sababu ya ukungu. Bwana Shauri alikata utepe, akasema kuanzia leo hekima ya dunia yote imo ndani ya nyumba hii, na kila mtu ana ruhusa ya kuingia na kuichukua. Watu waliingia kwa zamu. Waliona rafu zimesimama ukutani, tupu, safi, zinanukia mbao mpya. Hakuna aliyecheka. Wazee walitoka wakiambizana kwamba hekima ya dunia ni kitu ambacho mtu asingetegemea kukiona kwa macho.

Kesho yake Enoki alikaa mezani, akangoja. Aliyeingia kwanza alikuwa mama wa makamo, Telesia, muuza viazi sokoni, kikapu mkononi. Walisalimiana kamwene kwa kamwene, na Enoki akamkaribisha kiti. Telesia hakukaa.

"Nimekuja kuchukua," alisema.

Enoki alimweleza kwa mnong'ono wake kwamba vitabu viko Makambako, barabara ikikauka vitakuja.

"Sijasema vitabu, mwalimu. Bwana Shauri alisema kila mtu achukue. Mimi nina shida nyumbani. Mama mkwe na wifi yangu hawajanyamaza tangu Krismasi. Wanagombea nguruwe aliyekwisha kuliwa."

Enoki alifadhaika. Aliyakumbuka maneno ya Iringa, akayaona yakisimama mbele yake na kikapu cha viazi. Macho yake yalizunguka chumba kizima, rafu, meza, ngazi, mpaka yakatua ukutani. Akapanda juu ya kiti, akakitungua kile kibao cha KIMYA, akakipiga muhuri nyuma, akamkabidhi Telesia na kumwambia akirudishe baada ya majuma mawili.

Telesia alikirudisha kabla ya muda wake, amekifuta vizuri. Kilikuwa kimefanya kazi. Enoki alitaka kujua kama mama mkwe huyo anajua kusoma.

"Hajui hata herufi," alisema Telesia. "Nilimwambia kimetoka bomani. Sasa wanatazamana tu, na mimi nalala."

Habari hiyo ilitembea. Juma lile lile wazee wa kanisa walikuja kukiazima, kwa maana walikuwa na kikao cha kengele na kikao kilikuwa hakiishi. Baada yao alikuja mwenye kilabu cha pombe ya ulanzi, kisha watu wa harusi moja Kidugala waliokuwa na baba mdogo anayependa kuhutubia. Ilipoonekana kwamba kibao kina foleni ndefu, watu walianza kuuliza kuna nini kingine. Viti vilikwenda kwenye msiba. Ngazi ilikwenda kuezekea, ikatoka nyumba moja ikaingia nyingine. Silvesta, mkulima wa pareto, alisimama mbele ya zile rafu kwa muda mrefu, akazishika, akazipima kwa mkono, akasema kwamba tangu aanze kilimo hajaona kitu kilichofaa namna ile kwa kukaushia maua. Enoki alimpigia muhuri. Akachukua rafu zote, akazipakia kwenye mkokoteni na kwenda nazo.

Meza ilitoka mwisho. Mtu wa Wanging'ombe alikuwa na mgeni wa heshima na hakuwa na pa kumwandalia chakula.

Hivyo ikafika wakati nyumba ya maktaba haina kitu isipokuwa Enoki na muhuri wake. Watu hawakuacha kuja. Walikaa sakafuni, mgongo ukutani, miguu wameinyosha, mahali ambapo jua la asubuhi lilipenya vioo na kupasha saruji moto. Wengine walikuja kutoka sokoni, wengine walikuwa wametembea tangu alfajiri kufuata shauri bomani na kuambiwa warudi kesho. Katika boma lote hiyo ndiyo ilikuwa nyumba pekee ya serikali ambayo mtu aliingia asiulizwe ametumwa na nani, wala risiti yake ya kodi iko wapi. Walikaa kimya kwa sababu ndivyo walivyosikia kwamba nyumba hiyo inatumiwa. Mtu akipata nguvu aliinuka, akamshukuru Enoki na kwenda zake. Enoki alikaa kati yao sakafuni. Mle ndani sauti yake ilikuwa sawa na ya mwenzake yeyote, na kwa mara ya kwanza tangu kikohozi kile alianza kunenepa.

Mambo yalikwenda hivyo mpaka siku Bwana Shauri alipoingia. Hakuwa amekanyaga pale tangu siku ya utepe. Alisimama mlangoni, akaangalia kuta nne na watu waliokaa chini yake.

"Rafu ziko wapi?" aliuliza.

"Zimeazimwa, bwana."

"Viti?"

"Vimeazimwa."

"Vitabu?"

"Havijafika, bwana."

Bwana Shauri aliwaonyesha kwa kofia waliokaa sakafuni. "Na hawa?"

"Hawa ndio wasomaji," alinong'ona Enoki.

Mzee mmoja aliyekuwa karibu na mlango alimtazama Bwana Shauri na kuweka kidole mdomoni. Bwana Shauri, ambaye katika wilaya ile hakuwahi kunyamazishwa na mtu, alijikuta ameiweka kofia magotini. Alichuchumaa kando ya Enoki na kutoa amri zake zote kwa mnong'ono. Mkaguzi wa maktaba alikuwa njiani anatoka Dar es Salaam. Angefika Ijumaa. Akikuta hakuna maktaba angeifunga, na polisi walikuwa wanaitamani nyumba hiyo siku nyingi waifanye mahabusu, maana ilikuwa na kuta nene. Basi Enoki aondoke sasa hivi, aende Makambako akalete vitabu, na vitu vyote vilivyoazimwa virudi.

Enoki alikwenda nyumbani, walikohamia karibu na boma, akamweleza Ema. Alikuwa na hofu iliyomfanya mnong'ono wenyewe usikike kwa shida. Ema alimwambia aende zake Makambako, mambo ya Njombe amwachie yeye. Alipokuwa anapanda lori la Kasimiri alimsikia mkewe amesimama kilimani nyuma ya boma, anamwita kila aliyeazima kitu kwa jina lake na la baba yake.

Enoki aliona kwamba kadiri walivyokaribia Makambako ndivyo lori lilivyozidi kwenda taratibu, ingawa tope lilikuwa limekauka na barabara ilikuwa inapitika vizuri kabisa. Alimwuliza kuhusu hilo. Kasimiri aliivuta kofia yake mbele.

Hoteli ya Kristina ilikuwa banda refu la mabanzi, na moshi wa kuni ulitoka kila upande. Enoki alipoingia alidhani amekosea akaingia kanisani au shuleni. Watu walijaa, abiria na mizigo yao, wanawake na vikapu, askari wa likizo, na wote walikuwa wamegeukia moto ambapo kijana mmoja aliyevaa suti alikuwa amesimama na kitabu mkononi, anasoma kwa sauti. Kristina mwenyewe, Mkinga mnene aliyetoka Makete akiwa msichana, alikuwa anakanda unga wa maandazi na kuitikia kwa kichwa. Chini ya watu, yakiwa yamegeuzwa mabenchi, Enoki aliyaona makasha.

Kristina alimpa chai kabla hajauliza chochote, kisha akamweleza. Mvua ilivuja juu ya makasha, akaogopa mali ya serikali itaoza, akayafungua na kuvianika vitabu kando ya moto. Abiria waliokuwa wanangoja magari wakaanza kuviokota. Yeye hakujua kusoma, na mikono yake siku zote ilikuwa na unga, kwa hiyo aliweka sheria kwamba anayetaka kukaa karibu na moto asome ukurasa kwa sauti. Tatizo lilikuwa kwamba watu hawaondoki. Yule kijana mwenye suti, Yonathani, alikuwa anakwenda Mbeya kuoa. Harusi ilipopita bila yeye, nduguye alitumwa kumfuata, na sasa nduguye alikuwa pale pembeni na kitabu cha ufugaji wa nyuki, hataki kuongeleshwa. Baba wa bibi harusi aliahidi kuja mwenyewe. Kristina alisema anamngoja kwa hamu, kwa sababu inasemekana ni msomaji mzuri.

Enoki alimgeukia Kasimiri. Dereva yule alikuwa ameinamisha uso kama mtoto aliyekutwa jikoni.

"Barabara ilikauka lini?" alimwuliza.

"Zamani," alisema Kasimiri. "Sikiliza, mwalimu. Kusoma nilijifunzia jeshini, na mimi ni mzito, ukurasa mmoja kwangu ni kazi ya jioni nzima. Njombe nashusha mzigo na kugeuza. Kulala nalala hapa. Nikiyapeleka makasha Njombe, mimi nitasoma saa ngapi?"

Ikajulikana kwamba alikuwa anasoma hadithi ndefu ya mtu aliyemfuata punda wake aliyepotea, mji hadi mji, na alikuwa amebakiza robo yake. Hakutaka punda yule apatikane bila yeye kuwepo.

Enoki hakukasirika, na jambo hilo lilimshangaza. Alimwambia Kristina kwamba lazima avichukue, akamweleza habari za mkaguzi na mahabusu. Kristina aliendelea kukanda. Alisema anaelewa, lakini sheria ni sheria, na yeye Enoki amekaa karibu na moto tangu alipoingia. Asome ukurasa kwanza.

Enoki alionyesha koo lake. Alieleza kwamba hana sauti. Kristina alisema pale haulizwi mtu ana nini. Yonathani akampa kitabu, akamwonyesha kwa kidole mahali walipofika, na Enoki, kwa kuwa hakuwa na namna, alisimama akaanza.

Wa nyuma hawakusikia. Wakasogea. Waliokuwa wanakunywa chai waliweka vikombe chini taratibu visigonge. Mtoto aliyekuwa analia alipelekwa nje. Enoki alinong'ona mstari baada ya mstari, na banda zima likainama kumwelekea, wanawake, askari, nduguye Yonathani na nyuki wake, hata Kristina akaiacha mikono yake imelala ndani ya unga. Alipomaliza ukurasa hakuna aliyejikohoza. Mtu mmoja nyuma alisema kwa upole, "Endelea, mwalimu." Aligeuza ukurasa. Machozi yalikuwa yanamtoka lakini hayakumzuia kusoma, na hakuna aliyemwonea huruma kwa sababu wote walikuwa wanataka kujua kinachofuata.

Siku hiyo hakuondoka, wala iliyofuata. Alijiambia atapakia makasha sura hii ikiisha.

Ijumaa, akiwa amesimama pale pale, mlango ulifunguliwa akaingia Mzungu mfupi wa mviringo, ametapakaa tope mpaka kiunoni, mguu mmoja una kiatu na mwingine hauna. Gari lake lilikuwa limezama kwenye dimbwi pekee ambalo lilikuwa halijakauka karibu na njia panda na kiatu kilikuwa kimebaki huko. Aliomba chai. Kisha akawaona wale watu na vile vitabu, akaona na muhuri wa serikali juu ya vitabu, akasahau chai.

"Hapa ni wapi?" alimwuliza Kristina kwa Kiswahili cha taratibu.

"Hotelini, bwana."

"Na huyu anayesoma?"

"Mtunza maktaba wa Njombe."

Mkaguzi, maana ndiye, alimgeukia Enoki. "Mimi nakwenda kukagua maktaba ya Njombe. Vitabu vyake ndivyo hivi?"

"Ndivyo, bwana."

"Na viti vyake?"

"Viko kwa watu."

"Na mtunzaji yuko hapa. Sasa huko Njombe kuna nini?"

Enoki alifikiri kwa uaminifu. "Wasomaji, bwana," alisema.

Mkaguzi alikaa juu ya kasha. Alikuwa amefanya kazi ya maktaba tangu ujana wake, na alikuwa ameona maktaba zisizo na wasomaji, nyingi sana, lakini swali la namna hii halikuwamo katika mafunzo yake. Alikunywa chai, akasema wapande lori la Kasimiri waende wakaone. Kristina alikubali kutoa kasha moja, la vitabu ambavyo tayari vimesomwa, na hata hilo alilitoa kwa kulikumbatia kwanza.

Walifika Njombe alasiri. Bwana Shauri alikuwa amesimama mbele ya maktaba na sare yake ya sherehe, rangi imemtoka usoni. Alifungua mlango tu akasogea pembeni.

Ema alikuwa ameita, na watu walikuwa wameitika kupita kiasi. Rafu zilikuwa zimerudi, zinanukia pareto. Viti, meza, ngazi, kibao, vyote vilikuwepo. Lakini watu waliposikia kwamba maktaba itafungwa kwa sababu ni tupu, walileta na vya kwao. Rafu zilijaa. Kulikuwa na vyungu, majembe, msumeno wa watu wawili, mitego ya panya, gauni la harusi, viatu vya mpira vya shambani, miavuli, fimbo za kutembelea, ndoo ya kukamulia, na mbeleko iliyokwisha kulea watoto wa nyumba nyingi. Ema alikuwa amevipanga kwa herufi, kama alivyomsikia mumewe akieleza alipotoka Iringa. Kwenye K alikaa kuku, amefungwa mguu, ametulia. Watu wenyewe walikuwa wamekaa sakafuni kimya, mgongo ukutani, wanangoja hukumu.

Mkaguzi alitembea mbele ya rafu kutoka mwanzo hadi mwisho, kiatu kimoja kinalia na mguu mwingine haulii. Aliposimama mbele ya kuku aliuliza kama naye anaazimwa.

"Kwa majuma mawili," alisema Ema. Alijitahidi kunong'ona, lakini vioo vilitetema. "Mayai ni ya mwazimaji. Kuku anarudi."

Mkaguzi alimwuliza Telesia, aliyekuwa karibu yake, kwa nini anakuja katika nyumba hii. Telesia alisema kwamba yeye ana nyumba, ana shamba, ana soko na ana kanisa, na kote huko kuna mtu anayemngojea afanye kitu. Hapa hakuna. Na siku alipokuwa na shida, huyu mwalimu alipanda juu ya kiti akamtungulia kibao.

Bwana Shauri alianza kueleza jambo kuhusu barabara. Mkaguzi alimwomba anyamaze kidogo. Alimgeukia Enoki akamwuliza yeye anataka nini.

Enoki hakuwahi kuulizwa hivyo na mtu wa serikali. Alisema, polepole, kwamba vitabu vyote vikiletwa Njombe, wa Makambako hawatakuwa na kitu cha kuwaliwaza wakingoja gari, na vikibaki Makambako, hawa wa hapa hawatajua kilichomo. Lori linapanda na kushuka kila juma. Basi makasha nayo yapande na kushuka, na yeye apande nayo, Jumamosi asome kule na siku nyingine akae hapa. Na upande wa dirisha wenye jua ubaki bila meza, kwa ajili ya wanaokuja kukaa tu. Bwana Shauri alisema utaratibu kama huo haupo. Mkaguzi alisema ni kweli haupo, kwa hiyo hakuna anayeukataza.

Vitu vya watu aliagiza virudi makwao, kwa kuwa hakujua angewaelezaje wakubwa wake habari ya kuku. Lakini ngazi na kibao aliruhusu viendelee kuazimwa. Alipotaka kuondoka alitazama mguu wake mtupu, akasita, akauliza kwa aibu kama utaratibu ule wa zamani unaweza kuendelea mpaka jioni. Enoki alimtolea viatu vya mpira kutoka kwenye V na kuvipiga muhuri kwenye soli. Vilikuwa viatu vya Silvesta, na Silvesta alivingojea mpaka msimu wa pareto ukapita.

Polisi walitafuta mahabusu kwingine. Makasha yalianza safari zake, na Yonathani alioa, ila harusi ilifanyika Makambako, hotelini kwa Kristina, baada ya baba wa bibi harusi kufika na kuona hawezi kuondoka kabla hajamaliza.

Miezi ilipita. Asubuhi moja ya ukungu lori la Kasimiri lilisimama mbele ya maktaba kwa breki iliyofanya watu waliokaa dirishani wafungue macho. Kasimiri aliingia na kitabu chake. Alikuwa amekimaliza. Alikiweka mezani mbele ya Enoki, akavua kofia, kitu ambacho hakuna mtu Njombe aliyewahi kukiona, na kichwa chake kilikuwa na upara.

"Amempata," alisema. "Baada ya miji yote ile, amempata. Na punda hamjui. Anamtazama hivi, anaendelea kula majani. Mwalimu, mimi nataka serikali ibadilishe."

Enoki alimweleza kwamba serikali haina uwezo huo. Kasimiri alisema basi aliyeandika aitwe bomani. Enoki alisema aliyeandika yuko mbali, na pengine amekufa. Kasimiri alisimama pale, mikono imening'inia, mtu aliyetoka Burma mzima, midomo inamcheza.

"Ulitaka iweje?" Enoki alimwuliza.

"Ageuze kichwa. Basi. Ageuze kichwa tu."

Enoki aliinuka, akavuta kiti kingine, akakiweka karibu na cha kwake. Nje abiria walikuwa wameanza kuulizana dereva amekwenda wapi. Mmoja alishuka akachungulia mlangoni, akaingia. Wa pili akamfuata na kuku wake kwapani. Enoki aliwaonyesha kwa mkono ule upande wenye jua, kisha akakifungua kitabu kwenye ukurasa wa mwisho na kuanza kumsomea Kasimiri tena, taratibu, wapate kuona wote wawili kama kuna mahali ambapo punda yule alisita.